Miezi 18 bila antibayotiki bandani: ni kitunguu saumu na mwarobaini, au najidanganya?

#1 Kuku wa Mlandizi
Wakuu, salaam. Nina kuku chotara 340 hapa Mlandizi, wa mayai na wachache wa nyama. Zamani muuza dawa za mifugo alikuwa ananijua kwa jina. Kuku akipiga chafya, OTC (ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini). Akiharisha, OTC. Akisinzia tu kwa sababu ya jua, OTC na vitamini juu. Nikapiga hesabu siku moja nikaona faida yote ya mayai inaishia kwenye chupa.

Mama mkwe akanipa yake. Vichwa vitatu vya kitunguu saumu, konzi ya pilipili kichaa, konzi mbili za majani mabichi ya mwarobaini, jani moja nene la shubiri mwitu. Natwanga, naloweka usiku kucha kwenye ndoo ya lita 20, asubuhi nachuja nawapa badala ya maji. Siku tatu mfululizo kila wiki. Kwenye chakula naongeza unga wa majani ya mlonge kilo 3 kwa kila kilo 100.

Miezi 18 sasa sijanunua antibayotiki hata moja. Nauliza wenye uzoefu: hii ni dawa kweli au ni bahati?

#2 Pumba Laini
Nimeweka kigoda.

#3 Mama Vifaranga
Ni dawa. Mimi natumia kitunguu saumu na tangawizi tangu wakiwa siku ya tatu, mafua nayasikia kwa jirani tu. Ila mwarobaini usiwape wanaotaga kila siku, watapunguza mayai. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sikuambiwa.

#4 Dakta Kwato
Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo miaka mingi, naomba nitenganishe mambo kabla uzi haujakimbia.

Kideri (wengine mnaita mdondo) ni kirusi. Gumboro ni kirusi. Ndui ni kirusi. Antibayotiki haiviponyi, na mwarobaini hauviponyi. Kuhara damu ni kijidudu cha jamii ya Eimeria kinachoishi utumboni, nacho kina dawa zake kama amprolium. Taifodi ya kuku na mafua yale ya uso kuvimba ni bakteria, huko ndiko antibayotiki ina kazi.

Kwa hiyo ndugu wa #1, kabla hatujausifia mwarobaini, swali langu ni moja. Unachanja?

#5 Kuku wa Mlandizi
Nachanja mkuu. Kideri kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, ile chanjo ya Temevac inayotengenezwa Kibaha. Gumboro siku ya 14 na 21. Ndui nawachoma kwenye bawa.

#6 Dakta Kwato
Basi nusu ya muujiza wako umeuandika mwenyewe.

#7 Mzee wa Shubiri
Dakta, usituzime taa mapema. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wasomi waliwahi kuwaambukiza kuku wa kienyeji taifodi makusudi, wakawapa maji ya shubiri mwitu, na vifo vikapungua kwa waliopewa. Ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huyo si mama mkwe, ni maabara. Bibi zetu walikuwa wanaitia shubiri kwenye kibuyu cha kuku kabla hamjazaliwa.

#8 Dakta Kwato
Sibishi mzee, utafiti huo naufahamu. Lakini pale walijua kipimo, na kuku walikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana. Wewe unapima kwa "jani moja". Jani la wapi? La urefu gani? Na ule utomvu wa manjano unaochuruzika ukikata shubiri una aloini, ambayo inaendesha tumbo. Nimeitwa kwa mtu anayetibu kuhara kwa shubiri, kumbe shubiri ndiyo inayoharisha. Kila wakizidi kuharisha anaongeza jani.

#9 Pumba Laini
😂😂 anaongeza jani

#10 Mzee wa Shubiri
Ndiyo maana unaliacha kwanza lisimame wima lichuruzike. Aliyefundishwa anajua. Asiyefundishwa asilaumu shubiri.

#11 Kitimoto Roho Safi
Wa nguruwe tupo? Mimi niko Mbozi, nina majike sita na dume. Nimesoma #1 nikatamani kuiga. Nikawatwangia kitunguu saumu na pilipili kichaa, nikachanganya kwenye pumba. Ndugu zangu, hawakula. Walisukuma chombo mpaka ukutani, jike moja likakipindua, likalala juu yake. Mnafanyaje?

#12 Binti Uyole
Ndege hasikii ukali wa pilipili, mkuu. Mishipa yake ya kuhisi haishikwi na ile kemikali ya pilipili, ndiyo maana porini ndege ndio wanaozimeza pilipili na kusambaza mbegu. Nguruwe anaungua kama wewe unavyoungua. Kwa nguruwe toa pilipili, na kitunguu anza kidogo sana, kijiko cha chai kwa kilo kadhaa za chakula. Wakizoea ndipo uongeze.

#13 Pumba Laini
Nguruwe aliyekula kitunguu saumu na tangawizi si tayari kaungwa akiwa hai? Mnabakiza ndimu na ndizi.

#14 Kitimoto Roho Safi
#13 wewe siku ukifika Mbozi nitafute 😂. Asante #12.

#15 Tetea Mweupe
Turudi kwenye mada. Kitunguu saumu kina namna yake. Ile nguvu (allisini) haimo ndani ya punje nzima, inatengenezwa pale unapoiponda. Ukichemsha punje nzima unaua kile kinachoitengeneza, unabaki na supu. Ponda, acha dakika kumi hivi, ndipo utie kwenye maji ya baridi. Na asubuhi hiyo hiyo wanywe. Sasa ndugu wa #1 anayeloweka usiku kucha, sijui asubuhi kinabaki kiasi gani.

#16 Kuku wa Mlandizi
Harufu asubuhi inabaki, jirani analalamika.

#17 Tetea Mweupe
Harufu si nguvu. Viatu vya mwanangu navyo vina harufu.

#18 Mkulima Kiambu
Habari za huko. Kwetu Kenya hii ya aloe (shubiri) na pilipili iko kila mahali, wamama wa kienyeji wanaitumia sana. Lakini nataka kuongeza kitu ambacho hakuna amesema. Tunatafuta hizi dawa za majani kwa nini? Si kwa sababu ya pesa pekee. Uswidi walikataza antibayotiki za kunenepesha mifugo 1986. Umoja wa Ulaya wote wakafuata 1 Januari 2006. Hapo ndipo makampuni makubwa ya chakula cha mifugo yalianza kununua mafuta ya oregano, thaimu, mdalasini, na kuyatia kwenye chakula cha kuku na nguruwe. Kwa hivyo hii si mambo ya kishamba. Mzungu analipa pesa nyingi kwa kile shosho (bibi) anachuma nyuma ya nyumba.

#19 Dakta Kwato
Kweli tupu, ila malizia. Wale walipoondoa antibayotiki waliongeza usafi, hewa, nafasi, na kuchelewesha kidogo kuwaachisha watoto wa nguruwe. Na kwa watoto wa nguruwe wengi walikimbilia dozi kubwa za zinki oksaidi kuzuia kuhara, mpaka nayo ikapigwa marufuku huko 2022. Majani peke yake hayakubeba mzigo ule.

#20 Ndugu Mizani
Samahani nachelewa. Watu wote humu mnaongea "nimeona kwa macho yangu". Macho yanadanganya. Mimi nilijaribu.

Vifaranga 120 wa Sasso (aina ya kuku chotara), kundi moja, siku moja. Nikagawa vyumba viwili, 60 na 60. Chakula kimoja, chanjo moja, mtu mmoja wa kuwahudumia. Chumba A maji matupu. Chumba B mchanganyiko unaofanana na wa #1, siku tatu kwa wiki. Wiki ya nane nikapima.

Chumba A walikufa 7, wastani wa uzito kilo 1.5. Chumba B walikufa 4, wastani kilo 1.4.

Haya, nani kashinda?

#21 Mama Vifaranga
B. Waliokufa ni wachache. Kuku aliyekufa hana uzito.

#22 Pumba Laini
A. Mimi nauza kwa kilo.

#23 Binti Uyole
Mkuu Mizani heshima kwako, hilo ndilo nilikuwa nangoja. Ila 4 na 7 kati ya 60 ni tofauti ndogo, inaweza kuwa bahati tu. Uzito kupungua naamini ni mwarobaini. Ni mchungu, wanakunywa kidogo, anayekunywa kidogo anakula kidogo. Ulipima maji wanayokunywa?

#24 Ndugu Mizani
Sikupima. Na kuna jambo nimelikumbuka nikiwa naandika: chumba A kiko upande wa mlango, mvua ya masika ilikuwa inapiga pale, pumba za sakafuni zilikuwa na unyevu. Kwa hiyo na mimi macho yangu yamenidanganya, tofauti ni kwamba nina daftari.

#25 Dakta Kwato
Pumba mbichi za mlangoni ndiyo nyumba ya Eimeria. Waliokufa chumba A walikuwa na umri gani?

#26 Ndugu Mizani
Watano kati ya saba wiki ya nne. Kinyesi kilikuwa na damu.

#27 Dakta Kwato
Basi ni mvua iliyowaua, na mlango ndio ulioisaidia. Mwarobaini hauna kesi wala sifa.

#28 Mzee wa Shubiri
Hapana hapana. Huwezi kusema hivyo. Chumba B nao walikuwa nyumba moja, wanapita watu wale wale, viatu vile vile. Kwa nini wao damu haikuwapata? Kitu fulani kiliwalinda.

#29 Tetea Mweupe
Kiliwalinda ukuta, babu.

#30 Msomaji Kimya
Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa. Naona hamjamuuliza ndugu wa #1 swali moja la kawaida. Miezi 18 iliyopita ulibadilisha dawa tu, au kuna kingine ulibadilisha? Chakula ulikuwa unanunua au unachanganya?

#31 Kuku wa Mlandizi
Nilikuwa nanunua cha mifuko. Nikaanza kuchanganya mwenyewe, mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, chumvi, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini).

#32 Msomaji Kimya
Ulianza lini?

#33 Kuku wa Mlandizi
…wakati huo huo. Hesabu ya faida ndiyo iliyonifanya nibadilishe vyote.

#34 Pumba Laini
Uzi ufungwe 😂😂😂

#35 Binti Uyole
Usifungwe. Hii ni muhimu. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, inakula ini la kuku taratibu, inashusha kinga, hata chanjo haishiki vizuri. Kuku wa hivyo kila siku ana chafya na kusinzia, kila siku unakwenda kununua OTC. Ukianza kuchagua mahindi makavu mwenyewe, ugonjwa unaondoka wenyewe na sifa anapata mwarobaini.

#36 Mama Vifaranga
Mimi chakula sijabadilisha miaka sita, nanunua pale pale. Nilipoanza tangawizi na kitunguu saumu, mafua yaliisha. Nielezeeni na hilo.

#37 Binti Uyole
Mama, una banda lile lile?

#38 Mama Vifaranga
Lile lile. Niliongeza dirisha tu.

#39 Tetea Mweupe
Dirisha!!

#40 Mama Vifaranga
Dirisha dogo 😅

#41 Mkulima Kiambu
Kuna maelezo mengine bado. Ukiwapa dawa ya majani, lazima usafishe chombo cha maji, kwa sababu majani yanaoza yakilala. Kabla ya hapo mtu anaongezea maji juu ya yale ya jana wiki nzima. Mimi nadhani dawa yenyewe ni kusugua ndoo. Sijakataa kitunguu. Nasema tu ndoo nayo ipewe haki yake.

#42 Kitimoto Roho Safi
Narudi na swali la nguruwe. Kuna mtu hapa kijijini anawapa nguruwe majani ya lukina (ule mti wa malisho), anasema ni dawa ya minyoo na yana protini. Sasa manyoya yanawatoka mgongoni. Anasema ni dawa inafanya kazi, inatoa uchafu.

#43 Dakta Kwato
Aache leo. Lukina ina sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe na mbuzi wenye vijidudu sahihi tumboni wanaweza kuivunja, nguruwe na kuku hawawezi. Kutoka manyoya ndiyo dalili yake kubwa. Kidogo sana kilichokaushwa kwenye mchanganyiko si tatizo, lakini si kuwatupia matawi kama mbuzi.

Na nikiwa hapo hapo: majani na mbegu za parachichi msiwape kuku, ni sumu kwa ndege. Majani ya muhogo yakatwe yakaushwe juani kwanza. Na mmea wa utupa ni wa kuogeshea tu, dhidi ya utitiri na viroboto, si wa kunywesha. Ule ndio unaolewesha samaki mtoni.

#44 Pumba Laini
Kwa hiyo asili nayo inaua.

#45 Dakta Kwato
Nyoka naye ni wa asili.

#46 Kitimoto Roho Safi
Asante Dakta, namfikishia. Na homa ya nguruwe je? Mwaka uliopita wilaya jirani waliteketea. Kuna mzee anauza chupa ya mizizi, elfu 20, anasema inakinga.

#47 Dakta Kwato
Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita na haina tiba. Mizizi yake haijui lolote. Elfu 20 hiyo nunua ndoo na dawa ya kuua vijidudu, weka mlangoni, kila mtu akanyage. Usikubali mnunuzi aingie bandani kuchagua nguruwe, mtolee nje. Makombo ya hotelini yachemshwe kwanza. Wakianza kufa toa taarifa, usiuze nyama usiku. Mnaouza usiku ndio mnaosambaza.

#48 Kitimoto Roho Safi
Hilo la usiku limenigusa lakini si mimi.

#49 Pumba Laini
Hakuna aliyekutaja.

#50 Mzee wa Shubiri
Nimewasikia wote. Dirisha, ndoo, mlango, mahindi. Sawa. Lakini ngojeni niulize: kama dawa ya majani haina kazi, mbona kiini cha yai kinabadilika? Nikiwapa mlonge, siku kumi hivi kiini kinakuwa cha machungwa. Hapo hakuna dirisha.

#51 Tetea Mweupe
Hilo ni kweli kabisa na halina ubishi, lakini ni rangi, babu, si dawa. Kuku hatengenezi rangi ya kiini, anaila. Mlonge, mchicha, pilipili nyekundu, mahindi ya njano, vyote vinatoa rangi. Wateja wangu wanalipa zaidi kwa kiini hicho na mimi sikatai pesa.

#52 Binti Uyole
Mlonge una protini pia, majani makavu yanafika karibu robo ya uzito wake. Lakini usizidishe. Ukipita kilo 10 kwa 100 ukuaji unashuka, yana nyuzinyuzi na vitu vinavyobana virutubisho. Kilo 3 za ndugu wa #1 ni kiasi kizuri. Pengine huo mlonge ndio uliofanya kazi yote na kitunguu kilikuwa msindikizaji.

#53 Ndugu Mizani
Hiyo sasa ni nadharia ya saba. Nimezihesabu: chanjo, kitunguu, mahindi makavu, dirisha, ndoo, mlango, mlonge.

#54 Mama Vifaranga
Na dua.

#55 Ndugu Mizani
Nane.

#56 Kuku wa Mlandizi
Wakuu nawashukuru. Nimekubali kwamba nilibadilisha vitu vingi kwa mpigo. Mwezi ujao napokea vifaranga 200. Nitafanya kama Mizani, vyumba viwili, ila vyote mbali na mlango. Chakula kimoja chenye mlonge. Chumba kimoja kitunguu saumu kilichopondwa asubuhi, kingine maji matupu. Ndoo zote zinasuguliwa kila siku. Mwarobaini nauacha nje kabisa.

#57 Dakta Kwato
Pima na maji. Na akifa mmoja usimzike, mpeleke apasuliwe mkajue kafa na nini. Na ukilazimika kutumia antibayotiki, tumia, ila fuata siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza mayai. Kuku asife kwa sababu ulituahidi humu.

#58 Mzee wa Shubiri
Ongeza chumba cha tatu, cha shubiri. Iliyochuruzishwa.

#59 Kuku wa Mlandizi
Mzee sina chumba cha tatu.

#60 Mzee wa Shubiri
Nakuletea mabati. Niko Chalinze, si mbali.

#61 Kitimoto Roho Safi
Kabla hamjaondoka, mbegu za papai kwa minyoo ya nguruwe, kuna aliyejaribu?

#62 Mama Vifaranga
Mimi nawapa kuku. Naanika, nasaga, kijiko kwa kilo ya pumba.

#63 Dakta Kwato
Kwa nguruwe tumia dawa ya minyoo inayojulikana, na choo cha watu kifungwe, nguruwe asifike huko. Tegu wa nguruwe hataki mchezo, vifuko vya mabuu yake vinafika mpaka kwenye ubongo wa mtu.

#64 Kitimoto Roho Safi
Sawa Dakta. Mama, unazianika juani au kivulini?

#65 Mama Vifaranga
Kivulini. Juani kuku wa jirani wanazimaliza.